Maradhi ya Wanyama na Haki ya Mfugaji



 Ndugu zetu Waislamu, kila inaponyesha mvua kubwa katika nchi za Garissa, Wajir na kandokando ya Mto Tana, maswali mawili huturudia. La kwanza: mnyama akiugua, je, yafaa mwenyewe awahi kumchinja kabla hajafa, ili nyama isiwe mfu, akaila au akaiuza? La pili: je, serikali ina amri gani ya kuwakataza Waislamu wasichinje, khasa siku za Idi? Tumeona tuyajibu yote mawili pamoja, kwani shina lao ni moja. Kisha tuongeze jambo la tatu ambalo hatukuulizwa, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko hayo mawili.

Maradhi tunayoyakusudia ni homa ya Bonde la Ufa. Yalijulikana na madaktari hapa hapa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, katika mwaka 1930 na 1931, walipoona wana-kondoo wakifa kwa wingi na kondoo majike wakitupa mimba. Huenezwa na mbu. Na katika mbu hao wako ambao mayai yao hukaa ardhini, katika mabonde ya nyika, miaka na miaka bila kufa, na maradhi yamo ndani yake. Ikija mvua ya gharika na mabonde yakajaa maji, mayai huanguliwa, na mbu hutoka wakiwa tayari wana maradhi. Ndiyo sababu mfugaji hukaa miaka saba au minane kwa amani hata akadhani balaa limekwisha, kisha mvua ile ile aliyokuwa akiiomba ikaja nalo. Alama yake kubwa ni hiyo ya kutupa mimba: majike ya zizi zima, katika siku chache, na watoto waliokwisha zaliwa hufa kabla ya wiki kupita.

Ama mwanadamu, huumwa na mbu pia, lakini wengi huyapata kwa mikono yao wenyewe: kwa kumchinja mnyama mgonjwa, kumchuna, kushika damu yake, kumsaidia jike anapotupa mimba, na kwa maziwa yasiyochemshwa. Wengi huona homa tu na viungo kuuma, wakapona. Lakini wako ambao hupungukiwa na nuru ya macho, na wako watokwao na damu mpaka wakafa.

Sasa tazameni yaliyotokea mwisho wa mwaka 2006. Mvua za miezi ile zilifurika, na katika Disemba wachungaji wa Garissa na Ijara wakaanza kuletwa hospitali wakitoka damu. Ugonjwa ukashuka mpaka Mto Tana na pwani yetu, ukapanda mpaka Baringo, ukavuka mpaka Somalia na Tanganyika ya zamani. Kwa hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, kutoka 30 Novemba 2006 mpaka 12 Machi 2007, walioonekana na ugonjwa huo katika Kenya walikuwa watu 684, na katika hao wakafa 155. Serikali ikakataza kuchinja, ikazuia wanyama wasihamishwe, na soko la mifugo la Garissa, ambalo ni katika masoko makubwa ya upande huu wa Afrika, likafungwa. Na Idi ya kuchinja mwaka ule ilianguka siku za mwisho za Disemba, katikati ya msiba.

Hapo ndipo ulimi wa watu ulipofunguka. Wako waliosema kuwa ajali ya kila nafsi imekwisha andikwa, na anayeogopa damu ya mbuzi imani yake ina kasoro. Maneno haya hupendeza masikioni, na msemaji wake huonekana mcha Mungu. Walakini sisi twauliza: je, msemaji huyu ana imani kuliko Seyyidna Umar bin Khattab (R.A.)?

Kwani Seyyidna Umar, katika mwaka wa 18 wa Hijra, alitoka Madina akiiendea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh walimlaki maamiri wa majeshi, naye Abu Ubayda bin Jarrah akiwa miongoni mwao, wakampa habari kuwa tauni imeingia Sham. Akawashauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawashauri Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wote wakawa na neno moja, kwamba arudi na watu wala asiwaingize katika maradhi. Akatangaza safari ya kurudi. Abu Ubayda likamwia gumu, akamuuliza kama ni kukimbia kadari ya Mungu. Seyyidna Umar akamjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano, na mfano wenyewe, enyi wafugaji, ni wenu: kwamba mtu mwenye ngamia akishuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu, akiwalisha upande wenye majani awalisha kwa kadari ya Mungu, na akiwalisha upande mkavu pia ni kwa kadari ya Mungu. Basi ni mchungaji gani atakayeupeleka mji wake wa ngamia penye ukavu, akasema namtegemea Mola? Baadaye akaja Abdulrahman bin Auf, akasema kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiwakataza watu wasiiingie nchi wanayosikia imeingia tauni, wala wasitoke katika nchi ambayo tauni imewakuta ndani yake. Seyyidna Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Hiyo ndiyo karantini. Wazungu hawakuitunga ili kututesa.

Na wako wanaoshika hadithi ile inayokanusha kuambukizana kwa maradhi, na wakaishia hapo. Lau wangaliisoma mpaka mwisho! Bedui mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake walio wazima kama paa mchangani, akaingia kati yao ngamia mwenye upele, wote wakapata upele. Akajibiwa kwa swali: na yule wa kwanza, nani alimwambukiza? Wanavyuoni wamelieleza jibu hili kuwa ni kuondoa itikadi ya wakati wa Jahiliya, kwamba maradhi yana nguvu yao wenyewe nje ya amri ya Mwenyezi Mungu. Wala si ruhusa ya kuchanganya. Dalili yake ni kuwa Mtume (S.A.W.) huyo huyo, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima wa mwenzake. Twasema basi, kwa yakini: anayewatoa wanyama wake usiku kwa njia za vichochoroni, kutoka mahali palipofungwa, akawapeleka soko la mbali, amevunja amri ya Mtume wake kabla ya kuvunja amri ya serikali.

Kuna na wale ambao dawa yao ni hirizi shingoni mwa dume na kombe la kuwanyunyizia wanyama. Na sisi watu wa miji ya pwani tusiwacheke, kwani wazee wetu wakizungusha ng'ombe mji mzima kwa visomo ili maradhi yasiingie, na katika mambo yanayotuliza moyo kidogo ni kuwa ng'ombe yule alikuwa mzima! Dua ni ibada, na hatumkatazi mtu kumwomba Mola wake. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, naye akawaamrisha watu wajitibu. Sotoka iliingia Afrika mwisho wa karne ya kumi na tisa, ikateketeza ng'ombe wengi mno kutoka Uhabeshi mpaka kusini, Wamasai wakafa njaa, na visomo na matambiko ya kila kabila hayakuizuia. Iliyoizuia ni chanjo, ambayo Walter Plowright na wenziwe waliitengeneza Muguga, karibu na Nairobi. Na katika mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani. Mgonjwa wake wa mwisho kuonekana alikuwa nyati wa mbuga ya Meru, mwaka 2001. Homa ya Bonde la Ufa nayo ina chanjo ya wanyama, ila ni lazima wachanjwe mapema kabla ya mbu kutoka. Ya zamani katika chanjo zake yaweza kumfanya jike mwenye mimba aitupe, na hapa daktari wa mifugo aulizwe, wala asiulizwe mwenye duka.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Mnyama mgonjwa akichinjwa naye ana uhai uliotulia, kwa madhehebu yetu ya Kishafii kuchinjwa kwake kwasihi na nyama yake si mfu. Hili hatulikanushi, na ndilo lililowateleza wengi. Lakini kisu hakiondoi sumu. Kitu chaweza kuwa halali kwa asili yake kikaharamika kwa madhara yake, na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine. Anayemchinja mnyama mwenye homa hii aitia damu yake mikononi mwake, na mikononi mwa mwanawe anayemshikia miguu, na ya mkewe anayeosha matumbo. Haijuzu. Na akiipeleka sokoni bila kumwambia mnunuzi, ameongeza dhambi ya pili, ya ghushi, ambayo Mtume (S.A.W.) aliikemea sokoni Madina alipotia mkono wake katika rundo la nafaka akaukuta umajimaji chini. Mzoga na uzikwe kwa kina au uchomwe, wala asiushike mtu kwa mikono mitupu.

Ama la pili, jibu lake ni jepesi kuliko makelele yaliyofanywa juu yake. Kuchinja Idi, kwetu sisi Mashafii, ni sunna iliyotiliwa nguvu, si faradhi. Imepokewa kuwa Seyyidna Abubakar na Seyyidna Umar walikuwa wakiacha baadhi ya miaka, kwa kuchelea watu wasije wakadhani ni wajibu. Na mnyama ambaye ugonjwa wake ni dhahiri hafai kabisa kuwa udhiya, kwa hadithi ya Baraa bin Azib. Basi anayekatazwa kuchinja kwa ajili ya kuhifadhi roho za watu hakunyimwa dini yake. Mwaka 2025 mfalme wa Morocco aliwaomba raia wake wasichinje kwa kuwa ukame umepunguza mifugo, na dini ya watu wa Morocco haikuanguka.

Tumefika kwenye lile ambalo hatukuulizwa. Mmesikia mara ngapi hutuba ikimwambia mfugaji atii, afunge zizi, asiuze, asichinje? Na mmesikia mara ngapi hutuba ikiwaambia watu wa mji kwamba utiifu wake unawapasa wao nini? Mchungaji yule akiba yake yote iko mbele ya macho yake, yala majani. Kwayo hupata maziwa ya watoto, sukari na unga kutoka dukani, karo ya skuli, mahari ya mwanawe. Zizi likifungwa, waliokufa wamekwenda, na waliobaki hawana bei. Na mlango ukifungwa na mwanunuzi wa mbali huchelewa kufunguliwa: ugonjwa ulipovuka bahari mwaka 2000 ukaingia Jizan na Yemen, ukaua watu zaidi ya mia, Saudi Arabia ilikataza wanyama wa pembe hii ya Afrika, na Wasomali waliokuwa wakipakia kondoo wa Hija bandari ya Berbera walikaa mpaka 2009 kabla ya mlango ule kufunguliwa tena. Hatusemi Saudia ilikosea kujilinda. Twasema kuwa gharama ya siha ya wote ilibebwa na mtu mmoja, naye ni mnyonge kuliko wote.

Ikiwa yeye amezuiwa kwa ajili yetu, basi riziki yake wakati wa kuzuiwa ni deni shingoni mwetu. Wala Sharia haikutuacha bila njia. Katika mafungu manane ya zaka limo la fakiri, limo la maskini, na limo la mwenye madeni. Na mfugaji huyu siku moja aweza kuwa mwenye kutoa, na siku ya pili akaingia katika matatu hayo yote pamoja. Mtasema kuwa madhehebu yetu hayapendi zaka ihamishwe kutoka mji ilipowajibikia. Ni kweli, na hiyo ndiyo kauli iliyo mashuhuri. Lakini wako jamaa katika wanavyuoni wa Kishafii waliojuzisha kwa haja, na haja gani kubwa kuliko hii? Asiyetaka kufuata kauli yao, sadaka haina mpaka: atoe sadaka ipelekwe Garissa, na zaka yake ibaki mtaani kwake. Na mwenye duka aliyemkopesha mfugaji unga na sukari ajue kuwa Qurani imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Kumchukulia mbuzi wake kwa nusu ya bei, kwa kuwa soko limefungwa na hana pa kwenda, huko hakuna uhusiano na biashara.

Wenye kuhesabu zaka ya wanyama mwaka wa ugonjwa nao waangalie. Nisabu ya mbuzi na kondoo ni arubaini, na sharti itimie mwaka mzima. Aliyekuwa na mia wakabaki thelathini na tisa kabla mwaka wake haujatimia, hana zaka; asiendewe na mkusanyaji, aendewe na mgawaji. Na apewe kabla hajawauza majike yaliyobaki, kwani hayo ndiyo yatakayomrudishia zizi lake.