Sauti ya Chombo na Sauti ya Mwenyeji

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu husemwa kwa mzaha, siku kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumba nao wakapata mnofu. Lakini ndani yake mna fundisho zito kuliko kitoweo. Wahenga hawakusema kwamba mgeni huja ili yeye apone, wala kwamba mwenyeji humtumikia mgeni bure. Walisema kwamba wawili hawa wanapokutana, yule anayepokea hupata uzima ambao asingeupata lau angekaa peke yake. Katika makala haya twataka kuitumia methali hiyo kuipima desturi moja ya zama zetu, nayo ni ya kumkabidhi mgeni chombo kidogo cha sauti, akakivaa masikioni, kikamwongoza na kumweleza kila anachokiona, pasipo mtu wa kufuatana naye.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1952, jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam liliwapa wageni vipokezi vidogo vya redio vya kutembea navyo. Maelezo yalirushwa kutoka mashine moja, hata wageni wote wakasikia neno lile lile kwa wakati mmoja, na kusogea pamoja mbele ya picha ile ile. Baadaye zilikuja kanda za sauti, na mwaka 1963 kaseti ndogo, ambayo ilimwezesha kila mgeni kwenda kwa hatua zake mwenyewe. Leo hata kaseti imepitwa na wakati. Sauti hukaa katika simu ya mkononi, na mgeni huja nayo mfukoni kutoka kwao. Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza kama chombo hiki kitapanda milima ya Usambara. Yatupasa kuuliza kikipanda kitatufanyia nini.

Tuseme kweli kwanza: chombo hiki kina fadhila zake. Hakichoki, hakinuni, wala hakimbagui mgeni kwa mavazi yake. Humsemesha kila mtu kwa lugha aijuayo. Asiyeona hupata maelezo ya kile ambacho wenzake wanakitazama. Mwanafunzi asiye na fedha za kumlipa kiongozi aweza kusikia yale yale anayosikia tajiri. Tena mzee akifa, sauti yake iliyonaswa hubaki. Mtu anayekidharau chombo hiki kwa sababu tu ni kipya hajafikiri.

Pamoja na hayo, tukipeleke chombo hiki Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, tuone kitasema nini. Huko, hasa tangu miaka ya 1990, vijana wenyeji wamekuwa wakiwaongoza wageni kwa miguu, wakiwapitisha mashambani na katika msitu wa Magamba, na kuwafikisha Irente, ambako mlima hukatika ghafla na nyika ikaonekana chini imetandikwa kama jamvi. Mgeni akisimama pale, chombo kitamweleza kimo cha jabali na majina ya ndege, na hayo ni kweli. Lakini chini ya jabali hilo ipo Mazinde. Hapo ndipo Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alipoweka makao yake, karibu na njia ya misafara. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake nchi iliingia katika vita vya wanawe na wajukuu. Bunduki zikapanda mlimani na mateka wakashushwa kuuzwa pwani. Je, sauti iliyotengenezwa kumfurahisha mgeni itayasema hayo?

Tuchukue mfano wa pili. Mgeni huona miteremko inayolimwa na kuuliza juu ya matuta. Chombo kitajibu kwamba tuta huzuia mmomonyoko wa udongo, na jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha ikaueneza Usambara. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa sheria, na waliokaidi walitiwa hatiani. Wengi waliuona kuwa mzigo, tena wakahofu kwamba ardhi iliyotengenezwa hivyo ingenyang'anywa. Walipinga hata mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Washambaa wana maneno mawili ya kale: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara tangu miaka ya 1960, ameonyesha jinsi watu walivyoyatumia maneno hayo kuwapima watawala wao katika habari za mvua, njaa na utawala wa haki. Basi tuta lile lile kwa bwana shamba lilikuwa kuitengeneza nchi, na kwa mkulima aliyelazimishwa lilikuwa kuiharibu. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kuambiwa faida za tuta peke yake.

Mfano wa tatu ni habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu pamoja na mbwa wake. Yasimuliwa kwamba alikuwa kigego, kwamba alinyimwa urithi, kwamba aliwagawia watu nyama naye akapewa chakula cha shambani, na kwamba baada ya kumuua simba alifanywa mfalme huko Vuga. Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa katika sehemu mbalimbali mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walakini habari hii haina msemaji mmoja. Mtu wa ukoo wa Wakilindi ana sababu ya kuusifu ukarimu wa Mbegha. Mtu wa ukoo uliokuwapo mlimani kabla ya Mbegha ana sababu ya kukumbusha kwamba nchi ilikuwa na wenyewe. Chombo hunasa usemi mmoja, kikaurudia mara elfu, na kwa kule kurudiwa usemi ule ukageuka kuwa ndio habari yenyewe.

Hapa ndipo tunapoifikia kasoro iliyo kubwa kuliko zote. Zamani Sokrate wa Uyunani aliyalaumu maandishi kwa sababu, ukiyauliza swali, hurudia neno lile lile. Lawama hiyo yakihusu chombo cha sauti zaidi kuliko kitabu, kwa maana kitabu hakijifanyi mtu, ilhali chombo husema kwa sauti ya mtu na bado hakiulizwi. Kiongozi aliye hai huulizwa: wewe umelijuaje hili? Naye yampasa ajibu, au akiri kwamba hajui na aende akaulize.

Tuitafakari safari hiyo ya kwenda kuuliza. Kijana wa Lushoto anayewaongoza wageni hakuzaliwa na habari za Semboja wala za matuta. Mgeni wa kwanza humwuliza, naye huona haya kwa kutojua. Jioni huenda kwa babu yake au kwa jirani mzee, akamwamkia, akaketi, akauliza. Mzee aliyekaa miaka mingi bila kuulizwa hufumbua kinywa. Kesho yake kijana anajua, mzee ameheshimiwa, na habari imevuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Hivyo ndivyo mwenyeji anavyopona. Mgeni akija na sauti yake masikioni ataondoka ameelimika, lakini hakuna aliyeulizwa, na mwenyeji atabaki na ugonjwa wake, yaani usahaulifu.

Yamkini msomaji atatupinga. Atasema kwamba viongozi walio hai nao hudanganya, kwamba wengine humtungia mgeni hadithi tamu ili waongezewe bakshishi, na kwamba wazee wanakufa sasa hivi wala hawatangoji vijana waone haya. Hoja hizi ni nzito, wala hatuzikani. Lakini mwongo aliye hai huishi kijijini. Majirani humsikia, na siku moja mzee atamkanya mbele ya watu. Uongo ulionaswa na kusafiri hauna jirani wa kuukanya. Ama kuhusu vifo vya wazee, hoja hiyo yatuhimiza tunase sauti zao upesi. Haituruhusu tuache kuwauliza.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Chombo cha sauti kiwe shahidi, kisiwe mwenyeji. Shahidi hutaja jina lake, mahali pake na siku aliyosema. Naye husimama pamoja na mashahidi wengine, hata wale wanaompinga. Sauti ya mzee wa Vuga na isikike, na baada yake sauti ya mwingine ambaye ukoo wake una habari tofauti. Isikike kwa Kishambaa kwanza, ndipo ifasiriwe, ili mgeni ajue kwamba milima hii ina lugha yake. Isiuzwe bila ridhaa ya waliosema na bila wao kupata sehemu yao. Na ikiisha kusema, imwelekeze mgeni kwa mtu aliye hai ambaye anaweza kumwuliza.

Kazi hii yawahusu walimu na wanafunzi kuliko wengine wote. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akiviweka vitu hivyo viwili chini ya paa moja. Mpango huo wa ofisi ulibeba wazo ambalo halijachakaa: utamaduni usiopita mikononi mwa vijana hauna pa kwenda. Darasa la sekondari huko Lushoto, Mlalo au Bumbuli laweza kuwa na simu moja tu ya kunasia sauti, na hiyo yatosha. Lakini wanafunzi wasianze na simu. Waanze na swali, wamwendee mzee, waketi, wasikilize, wabishane naye kwa adabu. Kisha ndipo wamwombe ruhusa ya kunasa. Wakifanya hivyo, hata chombo kikiharibika njiani, habari itakuwa imekwisha kupata mahali pa kukaa.