Kanuni za Mwenye Meza

Kila mchezo ni mapatano. Wachezaji wa bao hukubaliana juu ya kete na mashimo kabla ya mkono wa kwanza kutembea, na kanuni zao huwafunga wote wawili kwa kipimo kimoja. Lakini uko mchezo ambao mmoja wa wachezaji ndiye mwenye meza, mwenye karata na mwenye kutunga kanuni. Mwingine hualikwa aketi, aweke fedha yake na kujaribu bahati. Je, ni haki mtu huyu wa pili kujizoeza faraghani mpaka aweze kumshinda mwenyeji wake? Na kama ni haki, ni busara? Maswali haya mawili hudhaniwa kuwa ni moja. Nataka kuonyesha kuwa ni mbalimbali.

Mchezo wenyewe huitwa ishirini na moja, na makao yake mashuhuri ni kasino za Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani. Karata zenye picha huhesabiwa kumi. Ree huhesabiwa moja au kumi na moja, kwa hiari ya mwenye nayo. Nyingine huhesabiwa kwa alama zake. Anayekaribia ishirini na moja kuliko mwenzake, bila ya kuipita, ndiye mshindi. Mgawaji hana hiari: huongeza karata mpaka afike kumi na saba, kisha husimama. Mchezaji ana hiari tele, na hiari hiyo humfanya ajione kuwa ndiye bwana. Walakini yeye ndiye atanguliaye kucheza. Akipita ishirini na moja dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye angalipita baada yake. Wote wawili huweza kuanguka katika shimo moja, lakini mmoja tu ndiye alipaye. Faida ya nyumba imo katika utaratibu huo wa zamu, wala haihitaji ujanja wa mikono.

Mwaka 1956 vijana wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walitangaza hesabu waliyoifanya kwa mashine za mezani, wakaonyesha jinsi kila mkono ufaavyo kuchezwa. Tangu hapo mazoezi yana njia: mtu huchanga karata, hugawa, huamua, hulinganisha uamuzi wake na jedwali, kisha hurudia.

Nimelijaribu zoezi hilo nyumbani, kwa jozi moja ya karata na punje za mahindi badala ya fedha. Mkono ulionifundisha zaidi ni wa kumi na sita, mgawaji akiwa ameonyesha kumi. Jedwali husema ongeza. Nami nikaongeza, nikapita, mara baada ya mara. Nikakasirika, nikaacha kuongeza; nikashindwa vilevile. Kwa kweli mkono huo hupotea takriban mara tatu katika nne kwa njia yoyote, na uamuzi ulio sawa huokoa kidogo tu. Punje za mahindi zilinifunulia jambo ambalo fedha ingalinificha: kutenda sawa na kupata mema ni mambo mawili. Apimaye tendo kwa matokeo ya jioni moja ataliacha lililo sawa kwa kuwa limeshindwa, na atalishika lililopotoka kwa kuwa limebahatika.

Lakini mazoezi hayamfai asiyesoma kanuni. Ree na karata ya kumi zikija pamoja mwanzoni, kwa desturi ya zamani mchezaji hulipwa 3 kwa 2: dau la dola 10 huleta dola 15. Siku hizi meza nyingi za Las Vegas hulipa 6 kwa 5, yaani dola 12. Dola 3 huonekana si kitu. Walakini mkono huo huja takriban mara moja katika 21. Basi katika mikono 100 mchezaji hupunjwa dola 13 au 14 kwa maandishi machache yaliyo juu ya kitambaa cha meza. Mchezaji hodari, katika meza yenye kanuni nzuri, hupoteza kiasi cha dola 5 katika kila dola 1,000 anazoweka. Kwa badiliko hili moja hasara yake hukaribia kuwa mara nne. Aliyekesha akijifunza jedwali, kisha akaketi penye meza hii bila ya kuisoma, amenoa kisu akakate maji.

Sasa tutazame haki. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, alieleza katika kitabu kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka aweza kujua ni lini zilizobaki zitamfaa, akaongeza dau wakati huo. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilibadili kanuni ili kumzuia mtu wa namna hiyo. Wateja wakapungua, na kanuni za kwanza zikarudishwa upesi. Njia nyingine ikawa kumtoa nje mwenye kuhesabu. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumtoa kwa shauri lake yenyewe. Huko Nevada yaweza hata leo. Sheria ya Nevada ya mwaka 1985 ilikataza vyombo vya kusaidia kuhesabu. Haikukataza kichwa.

Mtu huyu si mwizi. Hakutazama ila kilichoonyeshwa, wala hakutumia ila akili aliyoingia nayo mlangoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; katika kasino mwenyeji hupona kila siku, lakini siku mgeni naye anapopona huambiwa aondoke. Mwaliko ambao sharti lake la siri ni kwamba mwalikwa asielewe, si mwaliko wa haki.

Hata hivyo, asiye mwizi si lazima awe mwenye busara. Fedha anayoshinda haikumea mezani. Ilitoka katika mifuko ya wale ambao hawakuhesabu, na baadhi yao walihitaji fedha hiyo kuliko yeye. Anaota moto wa kuni za wengine. Wasomaji wengi wamekatazwa kamari na dini zao, nao hawahitaji hesabu ili wajiepushe. Mwenye kuhesabu kwa uaminifu hufika karibu na mahali hapohapo kwa njia ndefu, maana kila azidivyo kuzijua kanuni ndivyo zipunguavyo meza anazoweza kuketi.

Naona hilo ndilo tunda bora la zoezi lile. Meza ni nyingi duniani: mkataba wa mkopo ni meza, na mkataba wa kazi ni meza, na kila moja ina mwenyewe aliyeandika kanuni kabla hatujafika. Na tuulize kwanza: nani ameandika? Nani hulipa wote wawili wanapoanguka? Na siku nitakapoelewa, nitaruhusiwa kubaki? Ambaye hawezi kupata jibu asione haya kusimama, kwa kuwa kiti kitupu nacho ni uamuzi.