Stara na Kuficha katika Ugonjwa wa Wazee

Liko swali ambalo wazee wengi hujiuliza usiku, wala hawalitamki mchana: mwanamume atumiaye dawa za ugonjwa wa kibofu, je, yampasa kuwaambia watu wa nyumbani mwake, au ni haki yake kunyamaza? Twaona ni vema kulipima hapa, maana kimya hiki chawadhuru watu wengi.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Chini ya kibofu cha mwanamume iko tezi iitwayo tezi dume, nayo imeizunguka njia ya mkojo. Umri ukiendelea tezi hii hukua, na katika wanaume waliofika miaka 60, yapata nusu yao imekwisha kuwa kubwa. Hapo njia hubanwa. Mzee huamka mara nne au tano usiku; kanisani huketi karibu na mlango; safari ya mbali huikataa, akitoa sababu nyingine. Hii si adhabu ya dhambi za ujanani, wala si kurogwa. Huja na uzee, kama mvi.

Dawa ziko. Tamsulosini huilegeza misuli ya njia ile, na wengi huona nafuu kwa siku chache au majuma machache. Ila wengine hupata kizunguzungu wakiinuka ghafula. Finasteridi, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1992, huipunguza tezi yenyewe. Lakini kazi yake ni ya polepole, mara nyingi miezi sita, na wanaume wengine hupungukiwa nayo nguvu au hamu ya ndoa. Hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja huiacha katika juma la tatu, akidhani haina kazi. Mwingine huitupa kimya kimya, akiogopa mkewe asije akatambua.

Wako wasemao, “Mwili ni wangu, na aibu ni yangu.” Neno hili halikosi ukweli. Stara ni jambo jema. Shemu na Yafethi walisifiwa kwa kumfunika baba yao Nuhu. Hapana mtu apaswaye kutangaza habari za mkojo wake sokoni. Lakini stara na kuficha si kitu kimoja. Stara humfungia mlango asiyehusika; kuficha humfungia yule ambaye jambo lamhusu, akadhurika kwa kutojua.

Nao wahusikao ni wengi kuliko tudhanivyo. Mke aonaye mumewe hamkaribii tena, asiambiwe neno, hudhani amechukiwa. Basi ndoa huumizwa na uongo ambao hakuna aliyeutamka. Binti au mkwe mwenye mimba hapaswi kushika kidonge cha finasteridi kilichovunjika, kwa kuwa chaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Atajihadharije na kitu kilichofichwa? Mganga wa macho atakaye kumpasua mzee mtoto wa jicho, hana budi kujua kama mzee huyo amepata kutumia tamsulosini, maana dawa hiyo huzidisha hatari katika upasuaji huo. Na mganga apimaye damu kwa kutafuta saratani ya tezi dume, asipoambiwa habari za finasteridi, aweza kupotea, kwa sababu dawa hiyo hukishusha kipimo kile yapata nusu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba huenda wakaumia na wengine pamoja naye.

Wengine husema kumeza dawa kila siku ni upungufu wa imani. Twajibu kwamba mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akasikiwa. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havikugombana siku ile, wala havigombani leo.

Tena aliyesema husaidiwa. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alipojua kwamba nduguye John anateswa na mawe ya kibofu, alimwagiza mfua fedha amtengenezee mrija wenye kupindika wa kutolea mkojo, akampelekea. Kama John angalificha, nduguye angalijuaje haja yake? Wazee wetu walikwisha kusema: mficha uchi hazai.

Lakini mzigo huu si wa mgonjwa peke yake. Ambaye ameambiwa siri amepewa amana. Mke asiifanye kuwa hadithi ya kisimani, wala wana wasicheke baba akiinuka katikati ya sala. Tukiwacheka wasemao, sisi ndio tuwafundishao wengine kuficha.

Basi, mzee aende hospitali apimwe kwanza, asijinunulie vidonge dukani, kwa kuwa dalili hizi huweza kuwa za saratani. Akiona damu katika mkojo asikawie kumwona mganga. Na mkojo ukizuilika kabisa, aende saa ile ile, kwani mkojo uliozuiliwa huweza kuharibu figo. Akiona dawa yamsumbua, amwambie aliyempa kabla ya kuiacha. Nyumbani amwambie mkewe kwa maneno machache, mlango ukiwa umefungwa. Mlango ule uliofungwa ni stara ya kutosha.