Kupima damu si kuikimbia qadari



Ndugu Waislamu, kwetu Kagera neno "kupima damu" ni zito. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa mkoani humu, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Nyumba ngapi zilibaki na bibi na wajukuu tu! Tangu hapo, mtu akionekana ametoka maabara na pamba mkononi, majirani huanza kunong'ona. Ndiyo maana mzee mwenye duka Bukoba mjini, mnene, anayehema akipanda ngazi za msikiti, ukimwambia akapime damu kwa ajili ya moyo wake anakujibu: "Siku ikifika imefika, Sheikh."

Ni kweli, siku ikifika imefika. Lakini je, Maswahaba waliifahamu qadari hivyo? Umar bin Khattab (r.a.), akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari kuwa huko kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye qadari moja ya Allah kwenda kwenye qadari nyingine ya Allah huyo huyo. Hakuwa na imani pungufu kuliko mwenye duka wetu.

Daktari naye hadai kujua ghaibu. Anachotafuta kwenye damu ni dalili. Lehemu, yaani kolesteroli, ile mbaya, hujijenga kwenye kuta za mishipa kidogo kidogo kwa miaka mingi na mtu hasikii maumivu yoyote. Siku utando ule ukipasuka, damu huganda pale pale na sehemu ya moyo ikakosa damu. Mtu anaanguka dukani, sisi tunaanza kumtafuta mchawi! Sukari nayo, ikifika 7.0 au zaidi kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, na kipimo kikarudiwa kikasema vile vile, huo ni ugonjwa wa kisukari, nao huiharibu mishipa hiyo hiyo.

Elimu hii ilipatikana kwa subira. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 kwa miaka mingi, wakaona nani anaugua moyo na alikuwa na nini kabla. Ndipo presha, lehemu na sigara zikajulikana. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi. Umri, presha na tumbaku huhesabiwa pamoja nayo. Na pasipo na kipimo cha lehemu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali yanayotumia uzito na urefu badala yake. Zahanati ya kijijini Muleba yenye mizani na mashine ya presha inaweza kuanzia hapo.

Matoke yetu hayana kosa. Tazameni samli, maandazi, chai ya vijiko vinne vya sukari, na pikipiki ya kwenda msikiti ulio mita mia tatu!

Jambo linalonisikitisha ni hili: Muislamu akifa tunachanga siku hiyo hiyo, na sanda inapatikana kabla ya Adhuhuri. Kumchangia kipimo angali hai hatujazoea, na Maimamu wetu mimbarini hawalitaji. Ameacha mjane na watoto wanaosoma, nasi tumetimiza wajibu wetu kwa sanda?

Wapo wanaouliza kuhusu swaumu. Maabara ikitaka uje hujala, maji unaruhusiwa kunywa, na anayefunga Jumatatu na Alhamisi atakuwa amezoea. Ama kutolewa damu mchana wa Ramadhani, wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, wanasema hata kuumika hakufunguzi. Wa Hanbali wanasema kuumika kunafunguza. Kichupa kidogo cha maabara ni chepesi kuliko kuumika, na mwenye wasiwasi aende Shaaban.