Kabla ya Kupokea Ufunguo

Mtu aliyengoja kwa miezi gari lake livuke bahari kutoka Japani, kisha akaarifiwa kwamba limekwisha shushwa katika bandari ya Kilindini, huwa na furaha ya bwana harusi, na furaha hiyo ndiyo humfanya atie sahihi ya kupokea kabla hajakitazama anachokipokea.

Naona ni heri amwambie wakala, kwa adabu na taratibu, kwamba kalamu itangoja. Aanze na nambari ya chesisi, ile iliyogongwa katika chuma chenyewe, ailinganishe na ile ya hati tarakimu kwa tarakimu, kwani ikihitilafiana hata moja, atapata taabu kuthibitisha mbele ya sheria kwamba mali ni yake. Kisha alizunguke gari mchana, likiwa kavu, maana maji husitiri mikwaruzo. Afungue buti aone kama spea na jeki zimo, vitu ambavyo, wallahi, vina tabia ya kupotea njiani. Na ainame asome ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne za kutengenezwa kwake, ambapo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019, kwa kuwa mpira huzeeka hata usipotembea. Injini aiwashe ingali baridi. Akiikuta imekwisha pashwa moto, na aulize sababu.

Na redio je? Nyingi zilizoundwa kwa soko la Japani hukoma megahezi 90, hali idhaa zetu nyingi ziko juu ya hapo; basi ukikosa kuzisikia usimlaumu fundi, nunua kifaa cha kubadilishia masafa.