Kikulacho ki Nguoni Mwako

Wahenga waliotuachia methali hii walimjua chawa. Hatoki porini wala havunji mlango. Hukaa kwenye mishono ya nguo, akaota joto la mwili uleule anaounyonya. Ndiyo maana huambiwa mtu anayeweka walinzi getini ilhali anayemdhuru anakula naye sinia moja. Nami naona inatuhusu leo, tunapoizungumzia akili mnemba kana kwamba ni jeshi geni linalokuja kututeka.

Tuyatazame madhara yaliyokwisha kuonekana. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon iliunda programu ya kuchuja waombaji kazi, kisha ikaiacha. Ilikuwa imefunzwa kwa wasifu uliopokelewa katika miaka 10, mwingi wa wanaume, nayo ikawa inawashusha wanawake. Hakuna aliyeiamuru hivyo. Ilisoma jinsi watu walivyozoea kuajiriana, ikafuata nyayo.

Habari ya Nairobi inaniuma zaidi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Kenya, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa, walisoma maandishi ya unajisi wa watoto, mauaji na mateso, wakiyawekea alama ili ChatGPT iepushwe nayo. Mengi yalionekana kuchotwa kwenye intaneti. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowajeruhi nafsi. Kilichowajeruhi hakikuwa roboti, bali maneno ya binadamu wenzao, na ujira ule nao ulipangwa na binadamu.

Sisemi hofu yote ni hofu ya nafsi zetu. Meneja mwenye upendeleo huwadhulumu watu wa ofisi moja. Programu iliyorithi upendeleo wake yaweza kuwadhulumu maelfu kwa siku, na aliyedhulumiwa asijue amlalamikie nani. Ukubwa huo ni mpya, na kuuogopa ni busara. Dhuluma yenyewe si mpya.

Methali ina ugumu mwingine usiosemwa sana: chawa hapatikani mpaka nguo ivuliwe, na kuvua kuna aibu. Nadhani ndiyo sababu masimulizi ya roboti waasi yanatuvutia kuliko swali la nani alilipwa nini, na nani aliachwa nje. Hivyo kampuni ikitangaza kuwa imeizima programu iliyobagua, hainitoshi. Nataka kusikia imefanya nini kuhusu utaratibu wa ajira ulioifunza kubagua.