Khutba ya Ijumaa: Nyumba ya kubebeka na kiwanja cha kuisimamisha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu (s.w.t.). Maneno ya leo ni juu ya nyumba ile inayobebwa na kusimamishwa kwa siku chache, baada ya balaa kuangusha zile tulizojenga kwa miaka.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mola wetu anatuhesabia neema zake. Anataja majumba tunayotulia ndani yake, kisha anataja nyumba za ngozi za wanyama ambazo watu huziona nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Wengi wetu tunaipita aya hiyo haraka. Tumezoea kuona hema ni alama ya ufukara, na kumbe Qurani imeiandika katika daftari moja na nyumba ya kudumu.

Mtume (s.a.w.) naye aliitumia. Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipopigwa mshale mkononi siku ya vita vya Khandaq, Mtume alimsimamishia hema ndani ya msikiti wa Madina, apate kumtembelea kwa karibu. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia habari ya mwanamke mmoja, mjakazi aliyeachwa huru, ambaye alisingiziwa wizi na watu wake, akaja Madina akasilimu. Hakuwa na nyumba wala ukoo. Alipewa kihema kidogo msikitini, akawa anaishi humo. Angalieni vizuri, enyi ndugu: hema lilikuwa jepesi kupatikana. Jambo zito lilikuwa mahali pa kulisimamisha, na Mtume alitoa uwanja wa msikiti wake mwenyewe.

Sasa tuje huku kwetu Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia hadi katikati ya mji wa Goma, na watu kama 120,000 wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku, upande wa Buhene na Kibati, ukafunika nyumba elfu kadhaa. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, maji na matope yalishuka milimani Kalehe, yakapiga Bushushu na Nyamukubi, na waliokufa walipita 400. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Kila mara watu waliosalimika walikimbilia wapi? Kwenye shule, kwenye makanisa, kwenye misikiti. Watoto wakakosa darasa kwa sababu darasa limekuwa chumba cha kulala. Baadaye zikaja bache. Bache ni msaada, tusiidharau, imeokoa roho nyingi katika mvua. Lakini jua huichana kabla mwaka haujaisha, kisu cha mwizi huifungua kwa mara moja, na mama hana pembe ya kubadilishia nguo bila kuonwa. Sitara ya Muislamu haitoshi kwa karatasi ya plastiki.

Ndiyo sababu dunia ya leo inatafuta nyumba za kubebeka zilizo imara zaidi. Uturuki ilipopigwa na matetemeko ya ardhi tarehe 6 Februari 2023, watu zaidi ya 50,000 walikufa nchini humo, na maelfu wengine ng'ambo ya mpaka, Siria. Ilikuwa katikati ya baridi kali. Qatar ilikuwa imemaliza Kombe la Dunia miezi miwili kabla, na ilikuwa na vibanda vya kulala vilivyojengwa kwa ajili ya washangiliaji. Ikatangaza kuvipeleka 10,000 kwa waliopatwa na tetemeko, na shehena ya kwanza ilikuwa ya 350. Kibanda cha namna hii ni mifupa ya chuma na kuta nyepesi zenye kitu cha kuzuia baridi ndani yake. Mlango upo, dirisha lipo, waya za umeme zimekwisha pitishwa. Kinashushwa kutoka kwenye lori, na familia inaingia.

Hata hivyo vibanda havikutua hewani. Uturuki ililazimika kutafuta viwanja, kuvisawazisha, kumwaga kokoto, kupitisha maji na mifereji ya uchafu, ndipo ikavipanga vikawa miji. Miaka miwili baadaye watu laki kadhaa walikuwa bado wanaishi katika miji ile ya makontena. Basi kinachoitwa cha muda kinaweza kuona mtoto akizaliwa na kuanza kutembea ndani yake.

Hatuna haja ya kutazama mbali tu. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoanza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, pale Beni walisimamisha vyumba vya kubebeka vyenye kuta za plastiki angavu. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa kutoka nje, akiingiza mikono katika glavu zilizoshonwa ukutani, na mama aliweza kumwona mwanawe uso kwa uso. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaogopa, kwa kuwa mgonjwa aliingia nyuma ya uzio na pengine hakuonekana tena mpaka jeneza. Ukuta ule wa kuonea ulirudisha imani kidogo.

Na si kila nyumba inayoletwa ni salama kwa kuwa imeletwa. Marekani, baada ya tufani ya Katrina ya Agosti 2005, serikali iliweka maelfu kwa maelfu ya familia katika nyumba za magurudumu. Watu wakalalamika kwa macho kuwasha na kifua kubana. Mwaka 2008 wakuu wa afya wa nchi hiyo walithibitisha kwamba mvuke wa dawa iitwayo formaldehidi, unaotoka katika gundi ya mbao za kushindiliwa, ulikuwa mwingi kupita kiasi humo. Mahujaji nao wanakumbuka Mina: tarehe 15 Aprili 1997 moto ulipita katika mahema ya nguo na kuua watu 343, na baada yake yakawekwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto. Kwa hiyo anayepokea nyumba hizi na aulize: zimetengenezwa na nini, hewa inapita wapi, jiko litakaa umbali gani. Kupokea kwa shukrani hakukatazi kuuliza.

Tena tusijione kama watu wa kungojea meli. Goma wanajua nyumba ya kubebeka kuliko wataalamu wengi. Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano haina msingi wa kuchimba. Mwenyewe akihama, anang'oa misumari, anashusha manjanja, anapakia mbao juu ya chukudu, na baada ya siku chache nyumba ileile imesimama kartie nyingine. Mafundi wa kazi hii wamo katika safu zetu za swala.

Basi tukiwa na mbao, na manjanja, na fundi, na pengine vibanda vya mashirika ya kiutu, tumepungukiwa na nini? Kiwanja. Qatar iliweza kupakia nyumba melini, haikuweza kupakia ardhi. Mashirika yana kipimo chao: kila mtu kambini ahesabiwe mita za mraba 45, ukijumlisha njia, vyoo na mahali pa kupikia, choo kimoja kwa watu 20, maji lita 15 kwa mtu kwa siku. Pigeni hesabu. Familia ya watu sita ni mita za mraba 270. Parseli ya mita 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Maana yake, parseli moja ya kawaida ni familia moja, na uwanja wa msikiti wetu ukijazwa sana ni familia mbili au tatu, zaidi ya hapo tutaleta kipindupindu kwa mikono yetu. Lakini ndugu 20 wenye parseli tupu ni familia 20, kila moja karibu na jirani, na bomba, na shule. Mwaka 2025 tuliona kambi zilizozunguka Goma zikivunjwa kwa siku chache, na watu wakiondoka na bache kichwani. Kambi kubwa haina mwenyewe wa kuitetea.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Najua hofu iliyomo vifuani, nayo si hofu ya uongo. Mwenye parseli anasema: nikimwingiza mtu, hatatoka, na kesho tutaonana mahakamani. Aliyekimbia naye anasema: nikisimamisha nyumba yangu hapo, mwenye parseli ataniamsha usiku anifukuze. Wote wawili wanajua mifano.

Sikilizeni walivyofanya Ansari. Muhajirina walipofika Madina mikono mitupu, Ansari waliwapa mitende yao wale matunda yake, na mti ukabaki wa mwenyewe. Bi Umm Sulaym (r.a.) alimpa Mtume (s.a.w.) mitende, naye akamwachia Bi Umm Ayman (r.a.) aitumie. Ulipofunguliwa mji wa Khaybar katika mwaka wa 7 wa Hijra, Muhajirina wakapata mali, wakawarudishia Ansari mitende yao. 

Wanachuoni wanaliita jambo hili ariya, yaani kuazima kitu kitumiwe kisha kirudi kama kilivyo. Nyumba ya kubebeka inaifaa ariya ya ardhi, kwa kuwa haiachi msingi. Muda ukifika inafunguliwa, inabebwa na mwenyewe, na kiwanja kinarudi. Lakini iandikwe. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara imetuamuru kuandika madeni yenye muda na kuweka mashahidi. Sisi tunaona haya kuandikiana eti ni ndugu, halafu udugu wenyewe unakufa. Muda uandikwe kwa tarehe. Mwenye parseli asidai kodi wala asimtumie mgeni kama mfanyakazi wake wa bure. Mgeni asijenge kwa matofali, asipangishe mtu mwingine, achimbe choo mahali walipopatana. Shefu wa kartie apewe nakala.

Na wa kutangulizwa ni mjane, mlemavu, mzee asiye na mtoto, awe Muislamu au asiwe. Lava haikuuliza dini, na yule atakayegawa viwanja kwa kabila lake au kwa shemeji zake atajibu mbele ya Mola wake.

Daftari litafunguliwa leo baada ya swala, mezani kwa katibu. Mwenye parseli tupu aandike kartie, vipimo vyake, umbali wa maji, na muda anaoweza kuazima, hata ikiwa ni miezi sita tu. Aje na karatasi za parseli ili zitazamwe, zisiachwe. Mafundi wa mbao waandike majina yao ukurasa wa pili, na mwenye manjanja ya zamani yasiyotoboka aseme ni mangapi. Akina mama wana daftari lao upande wao. Na asiyejua kuandika amwambie jirani yake wa safu amwandikie.

Ewe Mola, wape makao waliolala nje usiku wa jana. Amin. Aqimi swala.